Ngome ya Udongo: Ziara ya Chetambe kama Somo la Fasihi na Historia

Utangulizi

Wahenga walinena, tembea uone. Hata hivyo, wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vyetu vikuu wanapotembea kwa ajili ya masomo, aghalabu safari zao huelekea upande mmoja tu, nao ni pwani. Mabasi ya vyama vya wanafunzi huenda Mombasa, Lamu, Gede, Bagamoyo, Kilwa na Unguja. Ziara hizi zina manufaa makubwa, na hakuna mpenzi wa lugha hii anayeweza kuzibeza, maana huko ndiko lugha ilikokulia. Tatizo ni kwamba zimetuzoesha kuamini kuwa jengo lenye historia ni lazima liwe la mawe ya matumbawe, liwe na mihrabu au nguzo, na liwe karibu na bahari.

Mwanafunzi aliyezaliwa Matisi, pembezoni mwa mji wa Kitale, anaweza kukueleza bila kusita kwamba Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596. Anaweza pia kukutajia Husuni Kubwa ya Kilwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipozuru Kilwa mwaka 1331. Mwulize kuhusu ngome iliyo juu ya kilima cha Chetambe, safari isiyofika kilomita 70 kutoka kwao, naye huenda akakujibu kwamba jina hilo amelisikia tu. Wengi hupita chini ya kilima hicho wakiwa ndani ya matatu wakielekea Webuye, Bungoma au Kakamega bila kuinua macho.

Makala haya yanadhamiria kutimiza mambo matatu. Kwanza, yataeleza ngome ya Chetambe ilikuwa jengo la aina gani na ilijengwaje. Pili, yataonyesha jinsi masimulizi yanayolizunguka jengo hilo yanavyoweza kusomwa na mwanafunzi wa fasihi simulizi. Tatu, yatatoa mwongozo wa namna ya kufanya ziara yenyewe kutoka Kitale. Msingi wa hoja yetu ni kwamba jengo likishabomoka, sehemu yake kubwa hubaki ndani ya lugha, na kwa sababu hiyo mwanafunzi wa lugha ana wajibu juu yake kama alivyo nao mwanaakiolojia.

Msamiati wa jengo

Kabla ya kupanda kilima ni vyema tuyatazame maneno tutakayoyatumia, kwani maneno haya yenyewe yamebeba historia. Kiswahili kina majina kadhaa ya jengo la kujihami. Neno husuni limetoka katika Kiarabu. Neno gereza, ambalo leo tunalijua kwa maana ya mahali pa kufungia wahalifu, lina asili ya Kireno, na jengo la Kilwa Kisiwani liitwalo Gereza lilikuwa ngome. Neno boma limeenea sana bara. Huweza kuwa ua wa mifugo, makazi yaliyozungushiwa uzio, au makao ya serikali ya wilaya, maana iliyoshika nguvu zama za ukoloni. Neno ngome ndilo pana kuliko yote haya.

Wabukusu nao wana neno lao. Makazi yaliyozungushiwa ukuta waliyaita lukoba kwa umoja na chingoba kwa wingi. Mwanafunzi wa mofolojia atatambua mara moja mpangilio huu. Kiambishi lu- cha umoja ni ndugu wa u- ya Kiswahili katika maneno kama ulimi na ubao, na wingi wake huchukua nazali kama tunavyosema ndimi na mbao. Sauti /k/ ya lukoba imegeuka kuwa /g/ baada ya nazali katika chingoba. Kwa hiyo, mwanafunzi anayejua ngeli zake hawezi kulitazama neno hili kama la kigeni kabisa.

Zaidi ya hayo, Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa jengo la udongo. Tuna kiambaza, yaani ukuta wa fito uliokandikwa udongo. Tuna kitenzi kukandika chenyewe. Tuna handaki, yaani shimo refu linalochimbwa kuzunguka mahali ili adui asivuke kwa urahisi, na tuta, yaani udongo uliorundikwa na kuinuliwa. Maneno haya yanatukumbusha jambo ambalo ziara za magofu ya mawe hutusahaulisha. Hata pwani, nyumba za mawe zilikuwa za wachache. Watu wengi wa miji ya Waswahili waliishi katika nyumba za fito, udongo na makuti. Udongo, basi, si geni katika utamaduni wa Mswahili. Tatizo lake ni kwamba hauachi gofu la kupigia picha.

Chingoba: ujenzi na sababu zake

Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipofika eneo hili mwishoni mwa mwaka 1883 alikuta vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo. Aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1885 kuhusu safari yake katika nchi ya Wamaasai. Baada yake, maofisa wa Kiingereza waliowekwa Mumias waliandika pia juu ya vijiji vya aina hiyo miongoni mwa Wabukusu, ambao wakati huo wageni waliwaita Kitosh.

Ujenzi wa lukoba ulikuwa na mantiki rahisi. Handaki lilichimbwa kuzunguka eneo lililochaguliwa. Udongo uliotolewa handakini haukutupwa mbali, bali ulirundikwa upande wa ndani na kushindiliwa ukawa ukuta. Kwa njia hii kazi moja ilizaa vikwazo viwili: kadiri handaki lilivyozidi kwenda chini ndivyo ukuta ulivyozidi kwenda juu, na adui aliyesimama chini ya handaki aliuona ukuta kuwa mrefu kuliko ulivyokuwa. Malango yalikuwa machache na membamba. Jioni mifugo iliingizwa ndani pamoja na watu.

Jengo kama hili halikuhitaji fundi wa kuitwa kutoka mbali wala chokaa ya kuchomwa. Lilihitaji jembe, mikono mingi na makubaliano. Mtu mmoja hawezi kujizungushia handaki la kijiji. Kwa hiyo, lukoba ni ushahidi wa mpangilio wa kijamii: palikuwa na watu walioweza kuamua mahali pa kuchimba, kugawana kazi na kulinda lango kwa zamu. Mwanafunzi wa fasihi aliyezoea kuuliza ni nani anayezungumza katika matini aulize vivyo hivyo mbele ya jengo: ni nani aliyechimba, ni nani aliyeamuru, na ni nani aliyelindwa?

Kwa nini watu walihitaji kuta hizi? Karne ya 19 ilikuwa na misukosuko mingi katika nchi iliyo kati ya Mlima Elgon na Mto Nzoia. Jamii zilizopakana zilivamiana kwa ajili ya ng'ombe, na ardhi ilikuwa ikigombaniwa. Juu ya hayo, misafara ya wafanyabiashara wa pwani waliotafuta pembe za ndovu ilikuwa imekwisha kufika Mumias kabla ya Thomson, na uhusiano wake na Wabukusu haukuwa wa amani daima.

Jambo hili la mwisho halipaswi kupitiwa haraka katika jarida la Kiswahili. Misafara hiyo ilizungumza lugha tunayoisoma leo. Tunapofundisha kuenea kwa Kiswahili bara, huwa tunaorodhesha biashara, dini, elimu na utawala kana kwamba lugha ilipokewa kila mahali kwa mikono miwili. Mbele ya lukoba tunalazimika kukumbuka kwamba palikuwa na watu waliokuwa upande wa ndani wa ukuta, na kwamba kwao sauti ya Kiswahili nje ya lango ingeweza kuwa ya mnunuzi au ya mvamizi. Leo wajukuu wa watu hao ni walimu, washairi na wanariwaya wa Kiswahili. Njia iliyotutoa kule ikatufikisha hapa ni mada inayostahili tasnifu zaidi ya moja.

Vita vya mwaka 1895

Jina la Chetambe lilipata uzito wake mwaka 1895. Charles William Hobley alikuwa amefika Mumias mwaka huo kuwakilisha utawala wa Uingereza. Maandishi ya kikoloni yanaeleza kwamba ugomvi ulianzia kwenye bunduki zilizokuwa zimeingia mikononi mwa Wabukusu. Kikosi kidogo kilichotumwa kuzitwaa kilishambuliwa na askari wake wengi wakauawa. Serikali ikajibu kwa kuandaa jeshi kubwa zaidi lililowajumuisha askari wa Kisudani, Waganda na Wamaasai. Mapigano yalipiganwa kwanza Lumboka, kisha kwenye ngome ya Chetambe, ambako watetezi walishindwa.

Handaki na ukuta wa udongo vilibuniwa kumzuia adui mwenye mkuki, upinde na ngao. Adui wa namna hiyo hulazimika kukaribia ili adhuru. Bunduki ilibadilisha hesabu hiyo, maana aliyekuwa nayo aliweza kudhuru akiwa mbali. Ukuta uliokuwa kinga ukageuka kuwa kizuizi kwa waliokuwa ndani. Hivyo jengo halikushindwa kwa sababu ya ujinga wa waliolijenga. Lilishindwa kwa sababu lilikutana na silaha ambayo halikujengewa.

Baada ya utawala wa kikoloni kuimarika, watu waliacha kuishi ndani ya chingoba. Familia zilitawanyika kila moja katika shamba lake, na kuta zikaachiwa mvua na jembe. Lakini kumbukumbu haikutawanyika. Katika miaka ya 1940, Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Masinde, ambaye ujanani aliwahi kusakata kandanda katika timu ya taifa ya Kenya, alitambua nguvu ya mahali. Angeweza kuwahutubia watu sokoni au chini ya mti wowote. Aliwapeleka palipokuwa na handaki. Dini yake ilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1948, mwaka ule ule ambao wafuasi wake walipigwa risasi Malakisi. Tukio hili la kurudi ngomeni linatuonyesha kwamba jengo lililobomoka liliendelea kufanya kazi nusu karne baadaye. Lilikuwa limeacha kuwalinda watu kwa ukuta, likawa linawakusanya kwa kumbukumbu.

Ngome ni ya nani?

Mwanafunzi anayekwenda Chetambe na daftari lake atakumbana mapema na swali gumu. Vitabu vingi hutaja vita hivi kuwa vita vya Wabukusu. Watachoni, ambao ni wenyeji wa maeneo ya Webuye na Lugari na ambao kwa muda mrefu wamehesabiwa na wageni kuwa tawi la Wabukusu, wana masimulizi yao. Katika masimulizi hayo Chetambe ni jina la mtu wao, na ngome ni kazi ya mikono yao. Kwao kuiita ngome hiyo ya Wabukusu pekee ni kuwafuta katika historia.

Wajibu wa mwanafunzi wa fasihi simulizi hapa si kutoa hukumu. Jan Vansina, katika kazi yake maarufu juu ya mapokeo simulizi iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1961, alisisitiza kwamba ushahidi wa mdomo una kanuni zake za uhakiki kama ulivyo nazo ushahidi wa maandishi. Gideon Were alizitumia mbinu za namna hiyo alipokusanya masimulizi ya jamii za magharibi mwa Kenya na kuandika historia ya Abaluyia iliyochapishwa mwaka 1967. Tukifuata nyayo zao, hatuna budi kuzingatia mambo yafuatayo.

Mosi, kila simulizi ina msimulizi, na msimulizi ana nafasi yake katika jamii ya leo. Anayesema kwamba babu zake walichimba handaki anazungumzia mwaka 1895, lakini pia anazungumzia ardhi, uwakilishi na heshima ya sasa. Hilo halilifanyi simulizi kuwa la uongo. Linatutaka tulisikilize kwa masikio mawili.

Pili, tofauti kati ya masimulizi ni data. Msimulizi mmoja akianza na chanzo cha ugomvi na mwingine akianza na uchimbaji wa handaki, tofauti hiyo ya mwanzo inatueleza kila mmoja anataka tumkumbuke nani. Mkusanyaji anayechanganya masimulizi mawili na kutengeneza moja lililo laini ameharibu vyote viwili.

Tatu, wakati katika masimulizi haya haupimwi kwa kalenda pekee. Wabukusu wana mfumo wa marika manane ya tohara: Bakolongolo, Bakikwameti, Bakananachi, Bakinyikeu, Banyange, Bamaina, Bachuma na Basawa. Majina haya hurudi kwa zamu baada ya takriban karne. Mzee akisema kwamba jambo fulani lilitendwa na watu wa rika fulani, ametoa tarehe, lakini mtafiti asiyejua mzunguko huo anaweza kukosea kwa miaka mia moja. Ni lazima aulize: rika hilo la zamu hii, au lile la zamu iliyopita?

Nne, hakuna shahidi wa macho wa mwaka 1895 aliye hai. Kila tunachokisikia leo kimepita vinywa kadhaa, na baadhi ya vinywa hivyo vimekwisha kusoma vitabu. Si ajabu kumsikia msimulizi akirudia maneno ya mwandishi wa kikoloni akidhani ni ya babu yake. Kwa hiyo tumwulize alikosikia, si alichosikia tu.

Ziara yenyewe: kutoka Matisi hadi Chetambe

Ziara njema huanza kabla ya kuondoka. Kwa anayetoka Matisi, kituo cha kwanza kiwe Makumbusho ya Kitale. Msingi wake uliwekwa na Hugh Stoneham, mlowezi aliyeanzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926, na mkusanyiko wake ndio uliozaa makumbusho ya umma yaliyofunguliwa mwaka 1974. Hapo mwanafunzi ataona nyumba za mfano za jamii za eneo hilo. Azitazame kwa makini jinsi fito zinavyofungwa na udongo unavyokandikwa, kwa sababu huko aendako hatakuta ukuta uliosimama. Macho yasiyojua jengo zima lilivyokuwa hayawezi kutambua mabaki yake.

Kutoka Kitale, matatu za Webuye hupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu katikati ya mashamba ya mahindi na miwa. Webuye, ambao zama za ukoloni uliitwa Broderick Falls kwa sababu ya maporomoko ya Mto Nzoia, ni mji uliojulikana sana kwa kiwanda chake cha karatasi. Kilima cha Chetambe kimesimama juu ya mji huo. Mwenye haraka atapanda kwa bodaboda, lakini tunapendekeza sehemu ya mwisho ipandwe kwa miguu. Atakayepanda akitweta ataelewa, bila kuelezwa, kwa nini mahali hapa palichaguliwa. Akigeuka nyuma ataona bonde lote lilivyo wazi chini yake, na atatambua kwamba mtu wa juu alimwona mgeni muda mrefu kabla mgeni hajamwona yeye.

Juu ya kilima, kinachotafutwa ni mkunjo wa ardhi: mahali ambapo ardhi inashuka ghafla kisha inainuka, na mstari huo ukajipinda. Mgeni asiye na mwenyeji anaweza kulivuka handaki akidhani ni mtaro wa maji. Ndiyo maana mwenyeji ni wa lazima, wala si kwa ajili ya kuonyeshwa njia tu. Yeye ndiye anayejua mahali panapokanyagika na pasipokanyagika, na ndiye mwenye majina ya mahali. Kila jina la mahali litakalotajwa liandikwe kama linavyotamkwa, pamoja na maana anayoitoa msemaji.

Adabu ya ziara nayo ina uzito wake. Mtu hamwendei mzee moja kwa moja na kinasa sauti mkononi. Hujitambulisha kwa jina, kwa wazazi na kwa anakotoka, kisha husubiri. Kwa Wabukusu, mzee wa kiume huweza kuitwa Kuka, yaani babu, na bibi kizee huitwa Kukhu. Atakayetumia majina haya kwa unyenyekevu atapokewa kama mjukuu, na mjukuu huruhusiwa kuuliza maswali ambayo mgeni asingethubutu. Ruhusa ya kurekodi iombwe waziwazi, na msimulizi aelezwe sauti yake itakwenda wapi. Akikataa jina lake litajwe, lisitajwe. Tena, mahali hapa watu waliuawa. Vicheko na picha za mikogo juu ya handaki havifai, kama visivyofaa makaburini.

Hatimaye, mtafiti arudishe alichochukua. Nakala ya masimulizi iliyoandikwa na kupelekwa katika shule iliyo karibu itawafaa watoto wa hapo kuliko itakavyoifaa rafu ya maktaba yetu pekee.

Kilicho hatarini

Mtu anaweza kuuliza: je, safari yote hii ni ya kwenda kutazama mtaro? Jibu linapatikana tukiilinganisha Chetambe na Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori. Thimlich Ohinga nayo ni makazi ya kujihami ya magharibi mwa Kenya, lakini ilijengwa kwa mawe yaliyopangwa bila kuunganishwa kwa udongo wala chokaa. Kuta zake, zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, bado zimesimama, na mwaka 2018 ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ngome ya Yesu iliingizwa mwaka 2011, na Gede mwaka 2024. Tunafurahia heshima hizi. Lakini orodha hizo zinatuonyesha upendeleo ambao asili yenyewe imetuwekea: mawe hudumu, udongo huyeyuka. Waliojenga kwa mawe wataendelea kukumbukwa hata tukilala. Waliojenga kwa udongo watakumbukwa tu iwapo mtu atafanya kazi ya kuwakumbuka.

Kisheria, msingi upo. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inatoa njia ya kulinda maeneo ya kihistoria. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linaipa serikali ya kitaifa jukumu la kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa, na kuziachia kaunti shughuli za kitamaduni na makumbusho. Hata hivyo, sheria hulinda kile kilichotajwa, kikapimwa na kuelezwa. Handaki ambalo halijaelezwa hulimwa tu kama shamba lolote, na anayelilima hana kosa, kwani hakuna aliyemweleza ni nini.

Hapa ndipo kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili inapoanza. Kupima handaki ni kazi ya wanaakiolojia. Kukusanya majina, masimulizi, nyimbo na methali zinazolihusu, kuyaandika katika lugha ya wenyewe pamoja na tafsiri ya Kiswahili ili Mtachoni, Mbukusu, Msabaoti na mgeni wote wayasome, ni kazi yetu. Kiswahili kina sifa moja ya pekee katika mgogoro wa nani mwenye ngome: hakuna upande unaoweza kukidai kuwa chake peke yake. Wazee wa pande mbili wanaweza kukaa na kubishana kwa Kiswahili pasipo mmoja kuhisi kwamba ameshindwa hata kabla ya kufungua kinywa.

Wala hatuanzi kutoka patupu. Ken Walibora, aliyelelewa Trans Nzoia na kuaga dunia mwaka 2020, alimsafirisha mhusika mkuu wa riwaya yake ya Siku Njema (1996) kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba. Mwelekeo wa safari hiyo ni kinyume cha ule wa mabasi yetu. Mtoto wa pwani anakwenda bara kutafuta sehemu ya nasaba yake. Wasomaji wengi wa riwaya hiyo tumeitafakari safari hiyo kwa miaka mingi, lakini vyama vyetu havijaifuata kwa miguu.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba ngome ya Chetambe ilikuwa jengo la udongo lililotokana na handaki na kazi ya pamoja, kwamba ilishindwa mwaka 1895 na silaha isiyojengewa, na kwamba iliendelea kuwakusanya watu katika miaka ya 1940. Tumeonyesha pia kuwa masimulizi yanayokinzana juu ya wenyewe ni hazina kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi iwapo atayapokea kwa kanuni na kwa heshima. Tunapendekeza vyama vya Kiswahili vya vyuo vilivyo magharibi mwa Kenya viiingize Chetambe katika ratiba ya ziara zao za kila mwaka, na kila ziara iache nyuma yake mkusanyiko ulioandikwa, hata kama ni wa kurasa kumi. Nauli ya kutoka Kitale hadi Webuye ni sehemu ndogo sana ya nauli ya kwenda Lamu. Wazee wanaoyajua majina ya malango hawaongezeki.

Maswali ya kutafakari

1. Tofautisha matumizi ya maneno ngome, boma, husuni na gereza katika Kiswahili cha leo, huku ukieleza historia ya kila moja.

2. "Jengo lililobomoka haliachi kufanya kazi." Jadili kauli hii kwa kurejelea Chetambe katika miaka ya 1940.

3. Umekusanya masimulizi mawili yanayokinzana juu ya mwanzilishi wa mahali fulani karibu na kwenu. Eleza hatua utakazozifuata katika kuyaandika na kuyachambua.

4. Chagua jengo moja la udongo, liwe limesimama au limebomoka, katika tarafa yenu. Orodhesha majina ya sehemu zake kwa lugha ya wenyeji na kwa Kiswahili, kisha ueleze ni majina yapi yaliyokosa visawe na kwa nini.